Bafa hiyo mwenyewe ni nani?

Mdogo wangu wa Nyegezi, umesema amri uliyoiongeza kwenye msimbo wa GDB (programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine) inasoma maandishi vizuri mara ya kwanza, ukiirudia inaanguka kwa kufuta kumbukumbu mara mbili. xfree, fankisheni ya GDB ya kufuta kumbukumbu, usiilaumu. Fankisheni ya kusoma inahifadhi pointa, yaani anwani ya bafa (kipande cha kumbukumbu chenye maandishi hayo), kwenye strakti yake, ya kuchapisha inaifuta ikimaliza, na amri ikirudiwa ile ya kusoma inafuta tena anwani ile ile. Wenye mali wawili!

Badili aina ya pointa hiyo iwe gdb::unique_xmalloc_ptr<char>, ambayo kwa ndani ni std::unique_ptr, pointa ya C++ yenye mmiliki mmoja tu, inayofuta kwa xfree. Fankisheni ya kuchapisha ipe .get() tu, inayotoa anwani bila umiliki, na uiondolee ule ufutaji wake. Hiyo ni kuazima, kama mtumbwi pale Mwaloni Kirumba: aliyeukodi anavua nao, hauuzi. Tumia .release(), inayoachia umiliki, pale tu msimbo wa zamani unapochukua jukumu la kufuta wenyewe. Kama ni baiti tupu, gdb::byte_vector inatosha.

Usijaribu kuponea kwa kuweka xfree mwishoni. GDB ikishindwa kusoma anwani hurusha hitilafu, na mstari wako wa mwisho haufikiwi kamwe. Bafa inavuja kimya kimya. Mifano yenye make_cleanup, njia ya zamani ya GDB ya kupanga usafishaji, achana nayo; ilianza kuondolewa GDB ilipohamia C++, na toleo la 8.0 la 2017 ndilo lililoanza kudai C++11.

Kisha jenga upya GDB kwa -fsanitize=address, chaguo la kikompaila linalokagua matumizi ya kumbukumbu. Itakuonyesha bafa ilipoombwa, ilipofutwa kwanza na ilipofutwa tena. Ikigoma bado, bandika sehemu hizo tatu hapa tuzione.