Jibu: Miche ya maembe Nane Nane, nikague nini?

Mkuu, umeuliza jinsi ya kuchagua miche ya maembe ya kubebesha (tawi la embe bora lililounganishwa kwenye mche mwingine) pale Nzuguni, Dodoma, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, mwezi wa Agosti. Anza na kiungo, pale tawi lilipounganishwa na mche wa chini: shika shina juu yake, tikisa taratibu. Kikicheza, rudisha. Nailoni iliyofungia kiungo ikiwa bado imekaba mpaka gome limebonyea, ifungue, la sivyo mti utavunjikia hapohapo upepo ukivuma. Machipukizi ya chini ya kiungo yakate. Ukiyalea, utakuja kuvuna embe la mti wa chini, siyo lile ulilonunulia mche. Kisha geuza kiriba, ule mfuko wa mche. Mzizi mnene uliojisokota maana yake mche umezeekea humo (wauzaji hawapendi ukigeuza, geuza tu). Agosti ni kiangazi, usipande. Weka kivulini, mwagilia, panda mvua zikishika, shimo sentimita 60 kwa 60, kiungo kibaki juu ya udongo.