Kushindwa Rufani hakukupeleki The Hague

SWALI: Wakili, nimeshindwa na jirani kesi ya kiwanja, Tabata, hadi Mahakama ya Rufani. Hukumu ina mwezi mmoja. Kuna bwana anataka fedha ili aipeleke The Hague. Nimwandalie nyaraka gani?

JIBU: Ndugu yangu, usimpe hata shilingi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, iliyoko The Hague, Uholanzi, husikiliza kesi za nchi kwa nchi tu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyo mji huohuo, hushtaki watu kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi. Mpaka wa kiwanja haumo.

Kinachoniudhi kila wiki ni imani kwamba mahakama za kimataifa zinakaa juu ya Mahakama ya Rufani, kwa hiyo aliyeshindwa hapa anapanda kule. Hazikai hivyo. Haziulizi hati ni ya nani. Zile zinazosikiliza kesi dhidi ya nchi zinauliza kama nchi imevunja mkataba iliouridhia, na kama nchi hiyo imekubali kushtakiwa mbele yao. Ridhaa ndiyo kila kitu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo Arusha, na Watanzania wengi walifungua mashauri. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 hawawezi kufungua mapya. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inampokea mkazi yeyote, ila ndani ya miezi miwili, na kwa kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya. Ugomvi na jirani si huo.

Ulichobakiwa nacho ni mapitio, yaani kuiomba Rufani yenyewe iitazame upya hukumu yake: siku 60 tangu hukumu, kwa sababu chache kama kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa kusikilizwa, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Muda bado upo. Wiki hii mpe hukumu wakili uliyehakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Na wengine mnaosoma, jihadharini. Mtu yeyote anaweza kumwandikia Mwendesha Mashtaka wa ICC, na akajibiwa kwamba barua imepokelewa. Vishoka huichapisha barua hiyo, wakamwonyesha mteja kama namba ya kesi, wakadai awamu ya pili ya malipo. Mteja anakaa akisubiri tarehe ya kuitwa, na siku zake 60 zinaisha akiwa na karatasi hiyo mkononi.