Barua kwa mwanangu: bendi yako na hizo wiki 9

Mwanangu,

Marahaba mama. Meseji yako ya jumapili nimeisoma mara 3, ya mwisho nilimsomea baba yako kwa sauti akaanza kugonga meza kwa vidole kama ile bendi iko hapo sebuleni. Umeniuliza ivi: umekabidhiwa bendi ya shule huko Newala, watoto 52 wamejiandikisha, vyombo viko 11, tarumbeta 4 pistoni (vile vya kubonyeza kwa vidole) zimeganda, na mkuu wa shule anataka bendi ipige kwenye mahafali ya kidato cha nne mwezi wa kumi, yaani una wiki 9 tu, sasa uanze na nota au uwakaririshe nyimbo ilimradi wasiaibike. Nakujibu kama mtu niliyeshika bendi ya shule ya msingi hapa Lindi miaka 9, najua unaikumbuka maana wewe ndo ulikuwa unabeba filimbi yangu.

Usianze na nota mama, na kukaririsha kwa vidole usianze nako. Anza na mdomo na miguu. Waimbe kwanza ule wimbo, waimbe huku wanatembea, kushoto kulia kushoto kulia, mpaka mtoto ukimwamsha usiku anauimba, ndo umpe chombo. Hii sikuisoma popote, nimeipata kwa babu yako. Babu alipiga tarumbeta kwenye beni, ngoma za zamani za kuiga bendi ya jeshi, hapa hapa Lindi, zile beni za Marini na Arinoti zilizokuwa zinashindana pwani nzima kutoka Lamu na Mombasa mpaka huku kwetu, watu wamevaa yunifomu na vyeo vyao wanatembea kama jeshi, na hakujua nota ata moja. Akitaka kumfundisha mtu anamwambia weka chini hilo bati niimbie, ukishindwa kuimba anakwambia rudi kesho. Mimi nilikuwa naona kama roho mbaya ivi, nilipopewa bendi ndo nikaelewa, mtoto ambaye wimbo haumo kichwani anabonyeza pistoni kwa kubahatisha, na akishakosea mara 10 mbele ya wenzake anaacha kabisa na huwezi kumrudisha.

Na una bahati ambayo hujaiona. Hao watoto wa Kimakonde ngoma wanayo mwilini tayari, wameikuta nyumbani, jandoni, unyagoni. Shida yake moja, ngoma zetu nyingi zinakwenda tatu tatu, sasa ukiwaletea machi (muziki wa gwaride) ya mbili mbili wanaivuta mpaka inakuwa kitu kingine na wewe utadhani hawajui kuhesabu. Wanajua sana. Machi zenyewe zipo za aina zote, zipo ambazo kila hatua moja ya mguu ina mapigo 3 ndani yake, anza na iyo, utaona siku ya kwanza tu besi dramu (ile ngoma kubwa) na saidi dramu (ile ndogo) zinakaa zenyewe. Ile ya mbili mbili utaileta baadae. Kasi ya machi ya kawaida ni hatua 120 kwa dakika, hatua 2 kila sekunde, lakini kwa watoto wanaoanza shuka kwenye 100 ivi, tumia saa ya simu, usikubali waongeze mwendo kwa sababu ya msisimko maana tarumbeta haziwezi kuwafata.

Wale 52 usimfukuze mtu. Wote wajifunze ngoma kwa kugonga madawati na mapaja, fundi seremala akuchongee vijiti vya mti mwepesi (usimruhusu achonge mpingo, ni mzito utachana ngozi za dramu). Ila habari ya mpingo wasimulie, wakikwambia bendi ni mambo ya wazungu waambie klarineti na oboe zinazopigwa Ulaya zinachongwa kwa mpingo, na mpingo unatoka misitu ya huku kusini, Kilwa. Watoto wangu niliwaambia habari iyo na darasa zima lilinyamaza.

Vyombo sasa. Kabla hujagusa kitu kaa na mkuu wa shule mhesabu kimoja kimoja, uandike kipi kizima kipi kibovu, msaini wote wawili na kopi ubaki nayo. Mimi sikufanya ivo, mwaka wa pili nikaulizwa tromboni iliyopotea kabla sijafika na nililia mwanangu, sitaki uyapitie. Pistoni zilizoganda usipige na nyundo na usishike koleo. Maji ya vuguvugu na sabuni, loweka, acha, chezesha taratibu, kesho rudia. Zikitoka utaona zina namba, 1, 2 na 3, kila moja irudi kwenye nyumba yake maana ukizibadilisha hewa haipiti na mtoto atapuliza mpaka mishipa itoke. Nunueni mafuta ya pistoni yenyewe, mafuta ya kula yanaganda yanakuwa kama gundi, na mtu asije na mchanga au majivu kusugulia shaba ing'ae. Huku Lindi adui yangu ilikuwa chumvi ya bahari, huko juu utapumzika na iyo, lakini maji ya kule yanapandishwa kutoka bondeni na yakikata yamekata, kwaiyo tenga dumu moja la bendi lisiguswe, kwa sababu mauthipisi (pale mtoto anapowekea mdomo kupuliza) lazima zioshwe kwa sabuni kila zinapohama mdomo wa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Hapo usilegee ata siku moja, mafua yanaanzia hapo.

Dramu ukikaza ngozi usizunguke skrubu kwa kufuatana, kaza hii alafu ya upande wa pili inayotazamana nayo, nusu mzunguko nusu mzunguko, la sivyo inavuta upande mmoja.

Midomo sasa, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na mgeni mkubwa, nikaogopa, siku moja kabla nikawapigisha watoto saa 3 mfululizo, nasema rudia rudia rudia. Kesho yake mgeni kafika, naonyesha mkono waanze, tarumbeta zote zikatoa upepo. Midomo ilikuwa imevimba. Kuna kijana mmoja alinitazama na machozi, anajua wimbo wote, anauweza, na hauwezi kutoka, na kosa lilikuwa langu mimi mtu mzima. Mpaka leo nikikutana nae sokoni nakumbuka yale macho. Kwaiyo wanaoanza dakika 20 za kupuliza kwa siku zinatosha kabisa, apige kidogo apumzike mda ule ule aliopiga, na wakati anapumzika ndo anaimba na kutembea. Siku moja kabla ya mahafali wapige mara moja tu waende nyumbani.

Nyimbo chagua zenye sauti 5 tu, do mpaka so. Wanakwaya wako do re mi wanaijua, itumie iyo kama daraja: do haibonyezwi kitu, re ni ya 1 na ya 3, mi ya 1 na ya 2, fa ya 1 peke yake, so wazi tena. Mtoto anashika iyo kwa wiki moja. Nota za kwenye mistari utawafundisha mwezi wa kwanza mwakani, mkiwa hamna mtu anayewasubiri, na utashangaa watakavyozielewa haraka kwa sababu sauti zipo tayari wanatafuta tu majina yake. Na kama kuna mtu wa kinanda anataka kupiga na nyie mwambie mapema kwamba akibonyeza C tarumbeta zenu lazima zipige D, mkisoma ukurasa mmoja wote mtagombana jukwaani.

Kwa mkuu wa shule usiahidi vitu vingi ili akuone mchapakazi. Mwambie bendi itawaingiza wahitimu, itawatoa wahitimu, katikati ngoma peke yake zitapiga kitu kimoja cha nguvu. Wimbo wa taifa waachie kwaya mwaka huu. Najua atasikitika lakini ule ni wa polepole, sauti zinashikwa ndefu, watu wamesimama wima wametulia kimya na hakuna ngoma ya kukufichia kosa, na unapita zile sauti 5. Watoto wa wiki 9 usiwapandishe huo mlima. Mwambie kwa heshima, mpe tarehe ya mwakani, atakuelewa.

Mwezi wa kumi korosho zinaanguka, unalijua hilo. Wa kutwa wataanza kupungua jioni maana wanaokota na wazazi wao, usiwagombeze, ile ndo pesa yao ya mahitaji ya shule mwakani. Kila chombo kiwe na watoto wawili wanaojua, na mazoezi yahamie asubuhi kabla ya kengele wiki zile za mwisho. Na wasichana wape tarumbeta, usikubali mtu akwambie wao ni wa kucheza mbele na vitambaa, mpigaji wangu bora kuliko wote alikuwa binti wa darasa la sita mwembamba kama ufito na pumzi alikuwa nayo ya wavulana wawili.

Umeniandikia mwishoni kwamba unaogopa kwa sababu hujawahi kufundisha. Mimi sina neno la kukuondolea iyo, siku ya kwanza nilitetemeka mpaka filimbi ikagonga meno. Watoto hawakuona, walikuwa wanatazama vyombo.

Kesho asubuhi baba yako anapeleka kifurushi stendi. Kuna ile filimbi, kuna vitambaa laini nimevikata kwa ajili ya shaba, na chupa 2 za mafuta ya pistoni nilizokuwa nimezibakiza. Akishampa kondakta nakupigia nikupe namba yake. Nitumie picha za hizo pistoni ukishazitoa, nione kama zimekwaruzika.

Mama yako