Maswali na Majibu: Ziwa la Milimani na Dirisha la Bafuni

Wiki hii barua karibu zote zimepanda mlima. Baadhi nimezifupisha, wenye barua mnisamehe.

Tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na nimeweka akiba kwa safari moja ya kifahari kwenye ziwa lililozungukwa na milima. Nianze kutafuta hoteli au ziwa?

Anza na mwezi. Ziwa la milimani hubadilika sura mwaka mzima, na hoteli nzuri kiasi gani haiwezi kukurudishia msimu ulioukosa. Chukua Ziwa Louise la Kanada. Watu hulifuata kwa ile rangi yake ya feruzi, lakini rangi hiyo ina wakati wake. Barafu nzito inayotambaa milimani husaga mawe chini yake hadi yanakuwa unga laini kabisa. Jua la kiangazi likiiyeyusha, maji huushusha unga ule ziwani, nao huelea kwa kuwa ni mwepesi, ukirudisha mwanga wa buluu na kijani machoni pako. Kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi ya rangi. Ukifika katikati ya Mei ukiwa na ile picha ya kwenye simu kichwani, huenda ukakuta uwanja mweupe wa barafu. Unapendeza pia, ila uende ukijua.

Ziwa Como la Italia halina shida hiyo ya barafu, lakini lina yake: hoteli nyingi kubwa hufunga kuanzia Novemba hadi Machi, na ratiba za boti hupungua. Agosti nako ni msongamano. Mimi ningekwenda nusu ya pili ya Septemba, watu wakiwa wamepungua na maji bado yana joto la kiangazi.

Ukishapata mwezi, chagua ziwa. Kisha chagua upande wa ziwa. Hoteli iwe ya nne.

Upande wa ziwa? Si maji ni yale yale?

Maji ni yale yale, jua siyo. Milima ni kuta. Aliye chini ya ukuta wa magharibi hulipata jua la asubuhi likichomoza mbele yake juu ya maji, lakini alasiri mlima ulio nyuma yake humfunika mapema, na roshani inaanza kupoa wakati wengine bado wanaota jua. Aliye ng'ambo hungoja asubuhi, halafu jioni yote ni yake.

Como lina umbo la panda ya manati iliyogeuzwa, mkono juu. Tremezzo iko ukingo wa magharibi: ni mahali pa kunywa chai ya asubuhi. Varenna iko mashariki: ni mahali pa kukaa jioni. Bellagio iko pale penye panda yenyewe, kwa hiyo hapo swali si mji bali chumba kinaangalia wapi. Kama ninyi ni watu wa kuamka saa nne, msilipie macheo mtakayoyalalia.

Hoteli zote zinaandika "chumba chenye mwonekano wa ziwa". Nitajuaje kama ni kweli?

Hapa mnigusie kidonda taratibu. Niliwahi kulipia chumba cha namna hiyo, nikafungua mapazia nikaona maegesho ya magari na mti mmoja mnene. Nikashuka mapokezi. Kijana akapanda nami kwa adabu zote, akafungua kidirisha cha bafuni, akaniomba nisimame juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Kweli, ziwa lilikuwepo. Kipande chake cha ukubwa wa sahani.

Tangu siku hiyo sifanyi malipo ya awali kabla ya kuandika maswali manne: Je, nikiwa nimelala kitandani naona maji? Roshani ni ya chumba changu peke yangu au ya wote? Kati ya chumba na maji kuna barabara? Na kuna ujenzi wowote karibu katika tarehe zangu? Swali la barabara wengi hulisahau. Kwenye maziwa yaliyobanwa na milima nafasi ni finyu, na barabara kuu mara nyingi hupita papo hapo ukingoni, kati ya hoteli na maji. Omba namba ya chumba iandikwe kwenye barua ya uthibitisho. Wakikataa, omba angalau ghorofa. Jibu la "tutajitahidi" lihesabu kama hapana.

Dada, nataka kumpeleka mama, ana miaka 71, kuona Titicaca. Ana afya njema. Tunaweza kupanda ndege moja kwa moja?

Mnaweza, ila msifanye hivyo. Titicaca, ziwa la mpakani mwa Peru na Bolivia, liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kwenye mita 2,500 hivi. Haujali umri wala mazoezi. Vijana wakimbiaji huanguka huku bibi zao wakiendelea kupiga picha.

Pandeni kwa ngazi. Laleni kwanza siku mbili au tatu bonde la Urubamba huko Peru, chini kidogo ya mita 2,900, kisha mji wa Cusco, mita 3,400 hivi, ndipo ziwani. Siku za kwanza pombe na dawa za usingizi ziwekwe kando, na mwendo uwe wa harusi. Mama amwone daktari wake kabla hamjanunua tiketi, kwa sababu zipo dawa za kinga na hazimfai kila mtu. Akiumwa kichwa na kichefuchefu na hali ikazidi, mnashuka siku hiyo hiyo, hata kama chumba kimelipiwa wiki nzima.

Tunaweza kuogelea?

Como kiangazi, ndiyo. Louise, ingiza vidole vya mguu utoke. Tahoe la Marekani lina kina cha mita 501 na halijulikani kuganda lote, lakini hata Julai maji yake hushtua. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na akiwa amezama kichwa huvuta maji. Ingia polepole, karibu na ukingo, na ukiwa kwenye boti ndogo vaa jaketi la kujiokolea hata kama linaharibu picha.

Boti ya kukodi na nahodha wake inafaa gharama?

Kati ya anasa zote, hii ndiyo nisiyoijutia. Lakini ikodi asubuhi. Mchana milima hupata joto, hewa hupanda, upepo unaamka na maji yanaanza kurukaruka. Wenyeji wa Como wameupa kila upepo jina: Tivano hushuka kutoka kaskazini asubuhi, Breva hupanda kutoka kusini kuanzia adhuhuri.

Asiyependa mngurumo wa injini aende Königssee, Ujerumani, ambako boti za abiria zimekuwa za umeme tangu 1909. Katikati ya ziwa huzimwa, mhudumu hupuliza tarumbeta kuelekea jabali, na jabali linamjibu.

Helikopta je?

Kwa dakika chache tu za juu, pesa hizo ziongezee usiku mmoja.

Nguo gani?

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 au 7 kila unapopanda mita 1,000, wakati miale ya jua inayounguza huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Yaani utatetemeka huku unababuka. Sweta, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na viatu visivyoteleza gatini.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku tano. Wa kwanza mtakuwa mmechoka, na mmoja mwingine mawingu yatashuka hadi kwenye maji msione hata ng'ambo. Siku hiyo msitoke. Agizeni chai roshanini, mjifunike blanketi.