Hendibreki ikianza kupanda juu, fungua dramu kwanza, usikimbilie kukaza waya

Hii naiandika kwa wenye pikapu za kazi, Hilux na nyingine za aina hiyo, zenye breki za dramu nyuma na waya wa hendibreki unaoingia kwenye dramu hizo hizo. Hasa sisi tunaoshusha viazi na kabichi kutoka Lushoto kuja Mombo, maana ile barabara ya Soni haina mchezo na breki za kubahatisha. Kinachoniuma ni kuona gari limejaa mzigo limesimama mlimani halafu linashikiliwa na jiwe, utingo anaruka na jiwe hata kabla dereva hajavuta hendibreki na wote tunaona ni kawaida. Jiwe liwepo sawa, lakini gari inatakiwa isimame kwa hendibreki yake yenyewe.

Kinachofanyika gereji nyingi ni hivi: mkono wa hendibreki umepanda juu, fundi anaingia chini anakaza nati ya waya, unalipa unaondoka. Sasa ule mkono haujapanda bure, mara nyingi ni breki shuu (vile vyuma vya nusu duara vinavyotanuka kushika dramu) zimelika, nafasi kati ya lainingi, yani ile sehemu ya shuu inayosuguana, na dramu imekuwa kubwa, na ukiangalia vizuri hata pedali ya mguu inashuka zaidi kabla haijashika. Ukikaza waya tu, ile wenzo ya hendibreki ndani ya dramu hairudi mpaka mwisho wake, ajasta inayojirekebisha yenyewe kadri shuu zinavyolika inashindwa kufanya kazi, na shuu zinaweza kubaki zinagusa dramu muda wote, yani unashuka mlima na breki zilizoshapata moto tayari. Kwa hiyo waya ni wa mwisho kabisa. Shuu kwanza.

Kufungua: sehemu tambarare, weka kabari matairi ya mbele yote, mbele na nyuma yake, kwa sababu hendibreki utaiachia. Legeza nati za tairi, piga jeki, weka stendi ya chuma, tofali la saruji linapasuka bila taarifa. Dramu ikigoma usiitwange nyundo pembeni, dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti mbili za milimita 8 (zile za spana 12) kaza moja kidogo na nyingine kidogo itatoka yenyewe. Ikiwa bado inang'ang'ania shuu, legeza ajasta kupitia tundu la nyuma.

Vumbi la mle ndani usilipulize, si kwa mdomo si kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, inaharibu mapafu, na hizi za bei rahisi huwezi jua wameweka nini. Losha kwa maji ya sabuni.

Haya, lainingi. Gari nyingi unene wa mwisho ni milimita 1, ila kwa mzigo wetu mimi ikifika 2 natoa, na kama zimepigwa ribiti (vipini vya chuma vinavyoishika lainingi kwenye shuu) pima kutoka kichwa cha ribiti. Shuu moja kulika kidogo zaidi ya mwenzake si ajabu, lakini ukikuta upande mmoja wa gari umekwisha na mwingine mzima basi kuna kitu kimeganda, pistoni au waya, kitafute kabla hujafunga shuu mpya. Dramu nayo imeandikwa kipenyo chake cha mwisho, kwa hiyo wakikuambia wataichonga waulize itabaki chini ya hiyo namba? Kama ina ufa hakuna mjadala, tupa.

Wili silinda, ile yenye pistoni zinazosukuma shuu, funua raba pembeni taratibu, ukikuta mafuta yamejaa imeshaanza kuvuja. Na mtu asikanyage pedali dramu ikiwa nje, pistoni zitaruka. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali hayo ni ya difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma), sili ya ekseli imekufa. Lainingi iliyolowa mafuta usikubali ichomwe moto wala kupigwa msasa, mafuta yameshaingia ndani, badilisha na ubadilishe pande zote mbili.

Kuna kitu watu hawakiongelei, ile valvu ya nyuma juu ya ekseli yenye mkono unaosoma uzito wa mzigo. Wengi tumeongeza majani ya springi, na springi zikiwa ngumu bodi haishuki, valvu inaona gari tupu, inapunguza presha ya breki za nyuma wakati umebeba mzigo kamili. Ukiongeza majani mwambie fundi aiseti upya, na asiifunge kwa waya.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzijoto 205 za Selsiasi, yakishalowa unyevu inaweza kushuka mpaka 140, na ukishuka Soni mguu uko kwenye breki badala ya gia ndogo yatachemka na pedali itazama mpaka chini. Badilisha kila miaka 2 hivi. Mafuta ya taa au oili ya injini isikaribie raba za breki, zinavimba.

Kufunga: fanya upande mmoja kwanza ili mwingine uwe wa kuangalizia, na ajasta za kulia na kushoto usizichanganye, nyuzi zake zinapingana. Kaza ajasta mpaka dramu ianze kukwaruza, rudisha kidogo izunguke huru, kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae, zungusha tena. Hapo ndio uguse waya. Gari nyingi hendibreki inashika kati ya mlio (ule wa "ka" mkono unapovutwa) wa 5 na wa 9, kitabu cha gari yako kitakuambia.

Halafu jaribu kwenye mteremko ukiwa na mzigo, gari ikitazama juu na ikitazama chini, utingo akiwa na kabari mkononi karibu na tairi ila asiiweke. Ukitoka hapo endesha kilomita chache bila kukanyaga sana breki, simama, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili za nyuma. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, shuu inakwaruza, rudi ukalegeze.