Jibu: Anwani moja ya wafanyakazi wote kwenye Postfix

Mkuu, umeuliza utawekaje anwani ya wote@ ili barua pepe moja iwafikie wafanyakazi 60, seva ikiwa ni Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe). Andika anwani zao kwenye faili, kila moja mstari wake, tuseme /etc/postfix/wote.txt. Kisha ongeza kwenye /etc/aliases:

wote: :include:/etc/postfix/wote.txt
owner-wote: msimamizi

Endesha newaliases (amri inayoifanya Postfix itumie mabadiliko ya /etc/aliases). Mstari wa pili usiuruke, maana ndio unaofanya taarifa za barua zilizoshindwa kufika zirudi kwa msimamizi badala ya kumrundikia aliyezituma. Akija mtu mpya unahariri faili tu.

Kama domeni yako iko kwenye virtual_alias_maps (orodha ya Postfix ya kuelekeza anwani moja kwenda nyingine), :include: haikubaliki kule. Elekeza wote@domeni-yako kwenda wote@localhost kwenye faili la orodha hiyo, halafu liendeshee postmap (amri inayoligeuza liwe umbo ambalo Postfix inalisoma).

Sasa nakusihi sana: usiiache anwani hii wazi kwa mtu yeyote wa nje kuitumia. Kazini kwangu zamani tuliiacha, asubuhi moja ankara bandia ikaingia kwa kila mtu, na dada wa uhasibu akaifungua. Wiki nzima tulisafisha kompyuta. Kwenye main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix) weka kundi hili, linaloruhusu walioingia kwa nywila tu na kukataa wengine:

smtpd_restriction_classes = wandani
wandani = permit_sasl_authenticated, reject

Kwenye smtpd_recipient_restrictions tanguliza hii, kabla ya permit (kanuni ya kuruhusu) yoyote, la sivyo haitasomwa:

check_recipient_access hash:/etc/postfix/lindwa

Ndani ya lindwa andika:

wote@domeni-yako wandani

Piga postmap kwenye lindwa, kisha postfix reload. Jaribu kutuma kutoka Gmail yako binafsi. Ikikataliwa, imekaa sawa. Ikipita, tuletee hapa matokeo ya postconf -n (amri inayoonyesha mipangilio uliyoweka) tuangalie pamoja.