Ufa juu ya mkato wa mlima: fomeni amsikilize nani?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasimamia ujenzi wa barabara ya kupandia machimbo ya mawe huku milimani, wilaya ya Korogwe. Tumekata ubavu wa mlima na ukuta umefika kimo cha kama mita 9. Wiki iliyopita baada ya mvua umetokea ufa kule juu, hatua tano hivi kutoka ukingoni. Mpima ameweka vioo sita vya kupimia na anavisoma kila Ijumaa. Anasema mlima umesogea milimita 14 tu, tuendelee na kazi. Madereva wa mitambo wamegoma kuingia chini yake. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wasikilize madereva kwanza, mengine yatafuata.

Milimita 14 hazinitishi wala hazinitulizi, maana sijui zimepatikana vipi ndani ya wiki. Zikiwa zimejigawa sawasawa kwa siku saba, ni milimita 2 kwa siku. Zikiwa nusu milimita Jumamosi na 6 Alhamisi, huo ni mlima mwingine kabisa, na kusoma kila Ijumaa hakuwezi kukuonyesha tofauti. Ufa mpana uliotulia mwezi mzima unaweza kukaa hivyo hadi masika ijayo. Wa kuogopa ni ule mwembamba ambao kila siku unakwenda kasi kuliko jana.

Kwa hiyo leo hii kata nondo mbili za mita moja moja, uzigongelee, moja kila upande wa ufa, mpaka zisitikisike kwa mkono. Piga alama ya msumeno kwenye kichwa cha kila nondo. Pima kati ya alama kwa futi ya chuma, si ile ya fundi cherehani inayorefuka ikivutwa. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, mtu yule yule, futi ile ile. Andika saa, milimita, na kama mvua ilinyesha. Weka jozi tatu: moja katikati na nyingine karibu na ncha za ufa, kwa sababu ufa unaorefuka nao unasema jambo. Anayepima asiende peke yake, na asisimame upande wa ukingoni.

Ukishapata siku kadhaa, chukua 1 ugawanye kwa mwendo wa siku, uchore kwenye karatasi ya grafu. Njia hii aliieleza Mjapani Fukuzono mwaka 1985, na migodi mikubwa yenye rada za kupimia mwendo wa kuta inaitumia mpaka leo. Tuseme Jumatatu mwendo ni milimita 2 kwa siku: unapata 0.5. Alhamisi ni milimita 4: unapata 0.25. Weka rula kwenye nukta hizo mbili, mstari utagusa sifuri Jumapili. Hiyo ndiyo siku ambayo ukuta unaelekea kuanguka. Nukta mbili ni za mfano tu, kazini nataka tano au zaidi, na mvua ya usiku mmoja inaweza kuivuta Jumapili ikawa Ijumaa. Mstari ukianza kushuka, ondoa watu. Kule kwenye mgodi wa Bingham Canyon, Utah, Marekani, vipimo vilionyesha mwendo tangu Februari 2013. Tarehe 10 Aprili mlima ukashuka, ukafukia barabara na mitambo, lakini hakufa mtu hata mmoja. Walikuwa wameshatolewa.

Sasa vioo vya mpima. Muulize amesimamisha wapi mashine anayovisomea. Niliwahi kuitwa kwenye barabara ya machimbo ambako vipimo vilionyesha mlima unapanda juu! Tukacheka, kisha nikaenda kutazama miguu mitatu ya mashine: ilikuwa juu ya kifusi kilichosukumwa upande wa bondeni, na kifusi ndicho kilichokuwa kinadidimia. Kituo kiwe kwenye mwamba, na kila asubuhi ahakiki kwanza alama mbili zilizo mbali na mkato.

Kuna jambo vioo haviwezi kukusaidia. Miamba ya milima yenu ya Usambara ni ya matabaka, na juu yake kuna udongo mwekundu. Aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto wakati wa masika ameshaona mawe yaliyolala barabarani. Tazama matabaka kwenye ukuta wako yameinamia wapi. Yakiinamia ndani ya mlima, una nafuu. Yakiinamia barabarani, bamba la jiwe linaweza kuteleza ghafla bila kutoa siku tano za onyo, hasa pale maji yanapochuruzika kati ya udongo na jiwe. Hapo nisingetegemea grafu yoyote. Ningelaza mteremko au kukata vidato kama ngazi.

Maji ndiyo adui yako mkubwa kuliko kimo cha ukuta. Yakijaa kwenye ufa yanausukuma udongo kwa nje, na yakizama chini yanapunguza mshikamano wake. Ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, funika kwa turubai, kisha chimba mfereji juu zaidi ya ufa ili maji ya mlimani yapite pembeni. Kifusi msikirundike juu ya mkato hata kidogo. Na msiendelee kuchimba mguu wa ukuta eti mpate upana wa barabara. Mguu huo ndio unaoubeba mlima.

Nitumie vipimo vya siku tano pamoja na picha ya ukuta iliyopigwa kutoka ng'ambo ya bonde. Kabla ya hapo, hata mkipita tu kwa dharura, mtu mwenye filimbi asimame juu, mahali salama panapouona ufa, na akipuliza asiulizwe sababu. Mtambo uingie kinyumenyume, pua ikielekea njia ya kutokea.